NYUMBA YA MABRAZA: NI UDUGU GANI HUU UNAOAPIWA GIZANI?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, mama mmoja wa hapa kwetu alitujia na habari njema. Mwanawe anayesoma Marekani amehama bweni la chuo, na sasa anakaa, kwa maneno yake mama, "na mabraza". Mama alifurahi mno. Neno hilo kwetu linajulikana: braza ni kijana wa msikitini, anayekuamsha Alfajiri na kukukaripia ukichelewa darsa. Tukasema alhamdulillah, tukashukuru pamoja naye.

Wiki tatu baadaye akarudi, simu mkononi. Akatuonyesha picha ya jumba kubwa la nguzo nyeupe. Mbele yake wamesimama vijana kama arubaini, fulana zao za rangi moja, na mwanawe yumo katikati akicheka. Juu ya mlango mna herufi tatu za Kigiriki. Mama akauliza, "Walimu, hawa mabraza ni wa madhehebu gani?"

Hatukucheka. Tuliona aibu, kwa sababu mama yule hakudanganywa na mwanawe. Kijana alimwambia ukweli kwa lugha ya kule, naye akausikia kwa lugha ya huku. Na ni wazazi wangapi miongoni mwetu wanaosikia hivyo hivyo? Ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kuandika makala haya.

VYAMA HIVI NI VITU GANI?

Fraterniti ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume chuoni. Cha wasichana huitwa sororiti. Historia yao huanzishwa na Phi Beta Kappa, iliyoundwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William and Mary, Virginia, ikiwa na kiapo na salamu ya siri. Hiyo leo ni jumuiya ya heshima ya wanafunzi waliofaulu sana, wala si tunayoizungumzia. Mtindo wa vyama tunavyovizungumzia ulianza Union College, New York, mwaka 1825, ilipoundwa Kappa Alpha Society. Tangu hapo vimeenea Marekani nzima, na matawi mengi yana majumba yao ambamo wanachama hulala, hula na kufanya sherehe.

Kuingia kwake ni hivi. Mwanzo wa muhula milango hufunguliwa. Mna chakula cha bure, mna mpira, mna maongezi matamu. Kijana akipendwa hupewa mwaliko. Akiukubali huwa mwanachama mtarajiwa kwa wiki kadhaa, kisha huapishwa. Hulipa ada kila muhula, na matawi mengi humtaka akae jumbani kwa muda fulani, kwani jumba lina gharama zake na vitanda havitakiwi kubaki vitupu.

Tuseme haki, kwani tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiowapenda. Si vyama vyote vilivyo sawa. Alpha Phi Alpha iliundwa chuo cha Cornell mwaka 1906 na wanafunzi weusi waliokuwa wametengwa na wenzao, na humo wamepita watu kama Martin Luther King na jaji Thurgood Marshall. Wapo wanachama wa vyama hivi wanaochangisha pesa za hospitali na kusaidiana katika kutafuta kazi. Hatukatai hayo. Swali letu ni moja tu: je, kijana wa Kiislamu aapishwe humo na kuishi humo? Jibu letu ni hapana, na tutaeleza kwa nini.

"MIMI SITAKUNYWA, NITAKAA TU"

Hili ndilo jibu la kwanza la kila kijana, na wengi wao wanalisema kwa nia safi. Lakini tuangalie jumba linavyoendeshwa.

Marekani, kufuatia sheria ya mwaka 1984, umri wa kununua pombe ni miaka 21. Wanafunzi wengi wa chuo hawajaufikia. Hawawezi kwenda baa, na bweni la chuo lina msimamizi. Vyama vikubwa vya sororiti navyo vinakataza pombe katika majumba yao. Basi pombe yote hiyo itanywewa wapi? Inanywewa katika majumba ya fraterniti. Sebule anayopita kijana wetu akienda kutia udhu, usiku wa Ijumaa ni ukumbi wa ulevi na dansi. Hiyo ndiyo kazi ya sebule ile.

Na asiyekunywa hupewa kazi gani? Hupewa funguo za gari awarudishe walevi usiku wa manane, au husimamishwa nyuma ya meza agawe, maana yeye ana akili timamu. Wanetu, mmesoma madrasa. Mnaijua hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, na mnajua kwamba mnywaji ni mmoja tu kati yao. Anayeibeba na anayeigawa wamo pia.

Wako watakaosema: siku hizi vyama vimetengenezwa. Ni kweli kwamba mwaka 2018 baraza la vyama hivyo la Amerika Kaskazini lilikubaliana kupiga marufuku majumbani vileo vikali vinavyozidi asilimia 15, isipokuwa vikiuzwa na mwenye leseni, kuanzia Septemba 2019. Soma tena. Bia imebaki. Na hata marufuku kamili tumeona ilivyokuwa. Chama cha Phi Delta Theta kiliamua majumba yake yasiwe na pombe kabisa kuanzia mwaka 2000. Mwezi wa Septemba 2017, katika jumba la tawi lake Louisiana State University, wanachama watarajiwa waliulizwa maswali juu ya historia ya chama, na aliyekosea alinyweshwa pombe kali. Kijana wa miaka 18, Max Gruver, alifariki. Damu yake ilikutwa na kiwango cha ulevi cha 0.495, zaidi ya mara sita ya kiwango anachoruhusiwa dereva. Kanuni ilikuwa imeanza kutumika miaka 17 nyuma. Mchezo ule wa usiku waliuita "darsa la Biblia".

Sisi hatuna ugomvi na karatasi za kanuni. Tunauliza nani analala ndani ya nyumba, na nani ana ufunguo.

KIAPO CHA KITU USICHOKIJUA

Ndugu Waislamu, fiqhi inatukataza kununua samaki aliye bado baharini. Kwa nini? Kwa sababu hujui unachonunua. Huenda ukapata changu mkubwa, huenda ukapata dagaa, huenda usipate kitu. Hiyo ni gharar, na inakatazwa kwa shilingi mia mbili za samaki. Sasa vipi kijana wetu auze ulimi wake kwa kiapo ambacho hatoonyeshwa maneno yake mpaka usiku wa kuapa, mlango umefungwa, na akishaapa hana ruhusa ya kumwambia hata mama yake?

Viapo hivi kwa kawaida ni siri, na vingi vina sura ya ibada. Beji ya Sigma Chi, chama kilichoundwa Ohio mwaka 1855, ni msalaba mweupe. Alpha Tau Omega ya mwaka 1865 waasisi wake waliijenga juu ya misingi ya Ukristo. Hatusemi haya kuwakejeli Wakristo. Wao wana dini yao, na kijana wa Kikristo akiapa mbele ya msalaba anajua anachokifanya. Tunamsemea kijana wetu ambaye usiku ule atajikuta amesimama mstarini na wenzake thelathini, nyuma yake ada aliyokwisha kulipa na mbele yake maneno asiyoyajua. Ni wangapi watakaokuwa na ujasiri wa kusema "mimi natoka"?

Kuna watakaotuambia kwamba hata Mtume (S.A.W.) aliingia katika mapatano kabla ya utume. Naam, na tunashukuru kukumbushwa. Mtu mmoja kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa Makka, na mkubwa mmoja wa Makuraishi akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Akapanda juu ya kilima akapiga ukelele. Wenye murua wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Huo ndio Hilful Fudhul. Mtume (S.A.W.) alikuwepo akiwa kijana, na baada ya Uislamu akasema kwamba lau angeitwa tena kwa mapatano kama yale angeitikia.

Basi tuyaweke mapatano haya mawili pamoja. Yale ya Makka kila mtu aliyajua maneno yake, na faida yake ilikuwa ya mgeni asiye na mtu. Haya ya jumbani maneno yake ni siri, na faida yake ni ya walio ndani. Vinafanana vipi?

WATAKUFANYIA NINI UKIANGUKA?

Waliosoma shule za bweni hapa kwetu wanajua maana ya kuwa "mono". Unafua nguo za wakubwa, unalala chini, unavumilia kwa sababu mwakani utakuwa wewe. Fraterniti zina mono yao, na huko watu hufa. Mwandishi Hank Nuwer, ambaye kwa miaka mingi amekusanya habari za vifo hivi, amehesabu kwamba kuanzia 1959 hadi 2021 kila mwaka ulikuwa na angalau kifo kimoja cha mateso ya kuingizwa chamani au kikundini. Mwaka huo wa 1959 ndio uliopaa ndege ya wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Amerika Kaskazini kwa juhudi za Tom Mboya. Muda wote ambao sisi tumekuwa tukipeleka watoto wetu kule, mambo haya yamekuwepo.

Tutaje kisa kimoja tu. Usiku wa tarehe 2 Februari 2017, katika jumba la tawi la Beta Theta Pi, Chuo Kikuu cha Penn State, Timothy Piazza wa miaka 19 alinyweshwa vileo 18 kwa muda usiofika saa moja na nusu. Akaanguka kwenye ngazi za kuelekea chini. Kamera za jumba zilirekodi mengi ya yaliyotokea usiku ule. Wale "ndugu" walimbeba wakamlaza kwenye kochi. Kijana mmoja, naye pia mgeni chamani, alisisitiza aitwe daktari, na kwa maelezo yake mwenyewe alisukumwa ukutani. Zikapita karibu saa 12 kabla ya kupigwa simu ya kuomba msaada. Tarehe 4 akafariki. Mwaka 2018 jimbo la Pennsylvania likapitisha sheria kali dhidi ya mateso haya, ikaitwa kwa jina lake.

Saa 12! Mtu akianguka sokoni kwetu, wauza mboga wasiomjua jina watamwagia maji, watamvulia kanga, watasimamisha matatu. Hawakuapa pamoja naye. Kwa nini basi walioapa walikaa naye usiku kucha? Kwa sababu kuita msaada ni kuifungua siri, na siri ikifunguka jumba litafungwa. Kilichokuwa kikilindwa usiku ule kilikuwa chama.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kumsaidia ndugu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa dhalimu. Masahaba wakashangaa, dhalimu asaidiwe vipi? Akawafahamisha kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Jumba zima lile, aliyejaribu kumsaidia ndugu yake namna hiyo alikuwa mmoja, na alisukumwa ukutani.

Na mwanafunzi wa kutoka kwetu ana hatari ya ziada. Mwenzake mwenye uraia akisimamishwa chuo hurudi kwa wazazi, akajaribu tena mwakani. Huyu wetu viza yake imefungwa na masomo. Akisimamishwa amepoteza masomo na ruhusa ya kukaa nchini. Shamba lililouzwa, harambee iliyochangwa, mikopo ya wajomba, vyote vinaweza kupotea kwa kosa la usiku mmoja ambalo labda hata hakulitenda, alikuwepo tu.

NA SISI TUMEFANYA NINI?

Mpaka hapa wazazi wengi wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Tafadhalini msiridhike, kwa sababu sehemu iliyobaki inatuhusu sisi.

Tulimpigia kijana yule simu. Hatukumgombeza. Tulimuuliza kwa nini alihamia pale. Akatujibu kwa utulivu. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akienda msikitini kila Ijumaa, mwendo wa mabasi mawili. Alipewa salamu mlangoni, akaswali, akatoka. Ramadhani nzima alifuturu peke yake chumbani, tende na maziwa. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Kisha akasema maneno ambayo bado yametukaa kifuani: "Pale jumbani waliniuliza jina langu, na siku ya pili walilikumbuka."

Enyi wazazi, enyi kamati za misikiti, tumjibu nini? Tumwambie ni haramu, tukate simu? Sa'd bin Rabi' (R.A.) alipounganishwa udugu na Abdurrahman bin Auf (R.A.) pale Madina, hakumpa mtihani wala hakumtambaza chini. Alimpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akashukuru, akaomba aonyeshwe njia ya sokoni tu. Udugu wa Kiislamu ulianza na nyumba na chakula. Sisi tumeugeuza kuwa hotuba, kisha tunashangaa vijana wakienda kwa wenye nyumba na chakula.

Na vijana wenyewe wamejaribu. Januari 1963 wanafunzi Waislamu walikutana Urbana-Champaign, Illinois, wakaunda jumuiya ya wanafunzi Waislamu wa Marekani na Kanada, MSA. Mwaka 2005 ikaundwa sororiti ya Kiislamu, Gamma Gamma Chi. Mwaka 2013 vijana wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, wakaunda fraterniti bila ya pombe, wakaiita Alpha Lambda Mu, kwa kufuatisha Alif Lam Mim. Wako waliowacheka. Sisi hatuwacheki. Tunaweza kujadiliana nao juu ya jina. Lakini anayewacheka kwanza atuambie yeye amewajengea nini.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wanetu wanafunzi: kabla ya kutia saini, ombeni maneno ya kiapo kwa maandishi. Mkinyimwa, hilo lenyewe ni jibu. Ombeni mkataba wa jumba, muone mkitoka katikati ya mwaka mtadaiwa nini. Muulize nani hununua pombe na nani huigawa. Na jiulizeni: haya nitakayofanyiwa, naweza kumsimulia mama?

Pili, wazazi: acheni kuuliza "umekula?" peke yake. Ulizeni unakaa na nani, na majina yao. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na makosa ya mateso. Mwambie mwanao aifungue taarifa ya chuo chake, akusomee kwenye simu, nawe usikilize mpaka mwisho.

Tatu, sisi jamii. Wanafunzi watatu wakikodi nyumba ya vyumba viwili, kodi hugawanyika na swala ya jamaa husimama. Kinachokosekana ni kujuana. Tuweke daftari katika kila msikiti wetu: kijana fulani, mji fulani, chuo fulani. Na kila familia ya kwetu iliyoko kule ichukue mwanafunzi mmoja, imuite chakula mara moja kwa mwezi, na ilijue jina lake.

Mpaka tunaandika makala haya, kijana yule bado yumo jumbani. Kodi ameshalipa mpaka mwisho wa muhula, na hajaapa. Ametuambia anafikiri. Mama yake hali hamu ya chakula. Mwenye jamaa katika mji ule aje tumpe namba yake, leo, kabla ya Magharibi. Hatutaki apelekewe mawaidha, yeye mawaidha anayo. Aalikwe pilau.

Ya Allah, wahifadhi watoto wetu walio mbali na macho yetu, wape wenzao wema, na utusamehe sisi tuliowapeleka kisha tukawasahau. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.